Nilimwogopa Mama Mkubwa, Bwana Akamleta Nyumbani Kwangu

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Asifiwe tena!

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Mimi ni mama lishe pale karibu na stendi, kazi yangu ni kukaa nyuma ya masufuria. Mkinipa mwiko nitaongea mpaka mchoke. Mkinipa kipaza sauti ulimi unakuwa mzito. Lakini leo nimemwomba mchungaji mimi mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Jambo alilonitendea Bwana ni kubwa, nikilikalia kimya nitakuwa mwizi wa sifa zake.

Jina langu ni Rozaria, Mama Neema. Hapa Mtwara nilikuja nikiwa binti, lakini nimezaliwa kule chini kwenye vijiji vya Mto Ruvuma, karibu na pale mto unapoingia baharini. Babu na bibi yangu walitoka ng'ambo, Msumbiji, wakavuka na kupewa mashamba upande huu. Ndiyo maana majina ya kwetu ni ya Kireno: mama yangu anaitwa Filomena, na dada yake, mama yangu mkubwa, anaitwa Joakina. Walizaliwa wawili tu. Nimesimuliwa kwamba walikuwa hawaachani. Walilima mpunga bondeni jembe kwa jembe, na watu walisema ukitaka kujua Filomena yuko wapi, sikiliza Joakina anachekea wapi.

Hayo nimesimuliwa, ndugu zangu. Mimi nilikulia katika mengine.

Mwaka mmoja mto ulifurika ukafuta mpaka wa shamba. Maji yalipokauka, kila mmoja akasema kipande hiki ni changu. Ugomvi wa kawaida kabisa! Wakatupiana maneno mbele ya watu, na Mama Mkubwa kwa hasira akamnyooshea mama yangu kidole, akamwambia, "Utaona!"

Neno moja tu. Nani kati yetu hapa hajawahi kulisema?

Kesho yake asubuhi mama alimtuma kaka yangu Alberto kuchota maji mtoni. Alberto alikuwa mtoto wake wa kwanza, mwenye maneno mengi na mbio nyingi. Mamba akamchukua. Watu walikimbia na mapanga na mikuki, wakapiga yowe mpaka ng'ambo wakasikia, lakini kilichorudi nyumbani ni ndoo.

Sasa kule kwetu, mamba akimchukua mtu, watu hawaulizi mamba alitokea wapi. Wanauliza ni nani aliyemtuma. Na safari ile hawakuhitaji kwenda kwa mganga kuuliza, maana jibu wote walikuwa wamelisikia jana yake kwa masikio yao.

Mama Mkubwa alichomewa ghala. Mume wake akamwacha. Baba yetu akatuhamisha, tukaja kuishi Nanyamba, mbali na mto, na huko ndiko nilikokulia. Mama yangu aliapa mbele ya watu kwamba dada yake amekufa kwake, na kwamba iko siku atalipa. Mimi nilifundishwa kumwogopa Mama Mkubwa kama mtoto mwingine anavyofundishwa kuogopa moto. Ukimkuta gulioni, usiitikie salamu yake. Akikuita jina, usigeuke. Kikija chakula kutoka kwake, kifukie. Nikikataa kulala mchana naambiwa, "Haya, tumwite Joakina!" Nalala palepale, tena nafunika uso.

Ndugu zangu, hofu ukiinyonya na maziwa haikuachii ukiota meno. Nilikuja mjini, nikaolewa na mume mwema, Baba Neema, dereva wa bajaji ambaye wengi wenu mnampanda. Nikampokea Yesu katika kanisa hilihili. Nikabatizwa, nikaingia kwaya. Lakini Neema alipozaliwa akawa anashikwa na degedege. Homa ikipanda kidogo, mtoto anakakamaa, macho yanageuka juu. Mama akaja mbio kutoka Nanyamba, hakuuliza homa wala dawa. Alisema, "Ni yeye. Ametufuata." Akamfunga mtoto hirizi kiunoni. Na mimi, mwanakwaya, niliiacha! Jumapili nilikuwa naimba hapa mbele kwa sauti yangu yote, na mwanangu amekaa benchi lile na hirizi chini ya gauni.

Basi siku moja nikiwa nakatakata mboga, simu ikaita. Namba siijui. Mwanamke akajitambulisha kuwa ni Bi Zuhura, jirani yake Mama Mkubwa Joakina kule kijijini. Nikataka kukata simu. Akaniwahi.

"Usikate, mwanangu. Mimi si ndugu yenu, wala si wa dini yenu. Mama yako mkubwa haoni tena. Macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Miaka yote hii chooni nampeleka mimi, sokoni nampeleka mimi. Sasa wamesema hospitali ya mkoa wanasafisha macho, wazee wanapona. Lakini mjini mimi sina pa kumlaza. Yeye ana damu yake hapo mjini. Ni wewe."

Nilisema nitaongea na mume wangu. Baba Neema alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu, akasema, "Mama Neema, mimi kusema kweli namwogopa mama yako kuliko huyo mama mkubwa." Nikacheka bila kupenda. Kisha akasema kwa upole, "Ni mzee asiyeona. Akija nitamleta kwa bajaji yangu, bure."

Nikampigia mama. Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoona vita. Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele! Alisema taratibu, "Rozaria, mwanamke yule akivuka kizingiti chako, usiniite mama. Chagua." Akakata.

Nilikwenda jikoni nikafunga mlango. Huku upande mmoja ni mama aliyenizaa, ambaye nampenda kuliko pumzi yangu. Upande wa pili ni mtu niliyemwogopa kuliko mauti. Na katikati lile neno tulilohubiriwa hapa, kwamba upendo ukikamilika hofu hukosa pa kukaa. Nilipiga magoti kati ya magunia ya mkaa nikaomba sala fupi, wala haikuwa ya kishujaa. Nilisema, "Bwana Yesu, huyu mama namwogopa. Nitampokea kwa ajili yako. Lakini kuogopa, bado naogopa. Hilo lishike wewe."

Akaja. Nilikwenda stendi na Baba Neema kumpokea. Akilini mwangu lilikuwa likishuka jitu, ndugu zangu! Jitu la kuziba mlango wa basi. Akashuka mwanamke mdogo, mwembamba, ameshikwa mkono na Bi Zuhura, mgongoni ana furushi la ming'oko, vile viazi vyetu vya porini ambavyo mnanunua vikichemshwa na chumvi. Yule niliyemkimbia tangu utoto alinifika kifuani. Alisimama akageuza sikio upande wangu, hakunyoosha mkono, kama mtu aliyezoea kwamba mkono wake haupokelewi.

Nikasema, "Shikamoo, Mama Mkubwa."

Akageuza sikio tena, kama anayetaka kuhakikisha. Kisha akasema, "Marahaba," polepole, kama neno alilokuwa amelisahau.

Hospitali walimpima, wakasema macho yanatibika, lakini presha iko juu sana. Hawawezi kumgusa mpaka ishuke. Wakampa vidonge, wakasema akae mjini, ale vizuri, atulie. Bi Zuhura akarudi kijijini. Nikabaki na Mama Mkubwa ndani ya nyumba yangu.

Nilimpa chumba cha mtoto, nikamhamishia Neema kitandani kwangu. Nilipika chakula kizuri kuliko nilivyowapikia wageni wa harusi yangu: ugali wa muhogo, samaki wa nazi, kisamvu. Akashukuru, akasema ameshiba. Asubuhi nikapika uji wa karanga. Ameshiba. Mchana, ameshiba. Alikula ming'oko yake aliyokuja nayo, na maji aliyakubali akisikia Baba Neema ameyanywa kwanza. Siku moja nilimkuta anamkatia Neema kipande cha mng'oko. Nilikipokonya mkononi mwa mtoto, nikasema kimeanguka mchangani. Mama Mkubwa akauzungusha uso wake upande wa ukuta.

Tukarudi kupimwa. Presha haijashuka hata kidogo. Muuguzi, dada mmoja mpole, akaniuliza, "Bibi anakula kweli?"

Ndugu zangu, mnaelewa aibu yangu? Stendi nzima inakula chakula changu! Makondakta, wapiga debe, wasafiri wa Masasi na wa Dar, wanapanga foleni. Na nyumbani kwangu kuna mzee mmoja anayekufa njaa mbele ya sufuria iliyojaa.

Mchana ule nilipakua sahani ya ugali na kisamvu, nikaenda nikakaa naye kwenye mkeka, goti kwa goti. Nilihisi ndani yangu sauti ikisema, sema kweli. Basi nikasema kweli.

"Mama Mkubwa, mbona huli chakula changu?"

"Niambie tu. Sitakasirika."

Akavuta kanga yake, akasema, "Mwanangu, naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Nawaogopa ninyi. Mama yako aliapa. Alisema iko siku nitalipa. Uliponikubali nije nikajua, basi, siku yenyewe imefika. Nimekuja kwa sababu nimechoka na giza. Nilisema hata wakinimaliza, niwe nimesikia sauti ya mtoto wa Filomena."

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya kisimani. Nikamwambia, "Mama Mkubwa, na mimi nakuogopa wewe! Ming'oko yako naogopa. Kile kipande hakikuanguka mchangani. Nilikitupa mimi."

Akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika, nikajua analia, nikamshika. Kumbe anacheka! Anacheka hana sauti, machozi yanamtiririka kwenye macho yale meupe. "Yesu na Maria!" anasema. "Mchawi gani mimi, ninayeogopa kisamvu?"

Nikacheka na mimi. Tulicheka ndugu zangu, mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza kuna nini. Nilikata tonge, nikachovya, nikala mimi mbele yake, nikalitafuna kwa sauti ili asikie. Akapapasa sahani, akakata tonge lake, akala. Akala tena. Kisha akatoa mng'oko mmoja kwenye furushi, akaumenya kwa kucha, akaukata katikati, nusu akaila yeye, nusu akaninyooshea.

Niliogopa, siwafichi. Maneno yote niliyolishwa tangu utoto yalisimama mbele yangu kama watu wanaonizuia njia. Nikasema kimoyomoyo, "Yesu, napita." Nikaupokea. Nikala.

Ulikuwa mtamu! Ni hivyo tu. Ulikuwa mng'oko mtamu wa nyumbani, uliochimbwa na mtu asiyeona, kwa kupapasa mizizi, ili asiende kwa mwanawe mikono mitupu.

Wengine hapa walifunguliwa kwa kuwekewa mikono, wakaanguka, utukufu kwa Mungu! Mimi nilifunguliwa nikiwa natafuna. Jioni ile nilipokuwa namwogesha Neema nilichukua kisu cha mboga nikakata ile hirizi, nikaitia jikoni kwenye makaa. Sikuhisi lolote la kutisha. Ilinuka kama kitambaa kinachoungua.

Kuanzia hapo Mama Mkubwa alikula, na kila akila anasema chumvi imepungua. Neema akahamia kwake na mto wake bila kumwuliza mtu. Presha ikaanza kushuka. Madaktari wakamsafisha jicho la kwanza, wakalifunga bandeji, wakasema kesho yake arudi lifunguliwe.

Sasa, habari hazikai. Kuna mtu alimwambia mama kwamba mjukuu wake analala kitanda kimoja na Joakina. Siku ileile tuliyotoka hospitali, tumetandika mkeka uani, Mama Mkubwa na bandeji yake, Neema amelala pajani pake, mama akatokea. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni na kanga imekazwa kiunoni.

"Neema, amka. Vaa viatu, tunaondoka."

Mama Mkubwa akainua kichwa. "Filo?"

Jina hilo sikuwahi kulisikia maishani mwangu. Nilimwona mama akishtuka.

"Usiniite hivyo," mama akasema.

Nilisimama katikati yao. Yesu wangu! Kumwogopa mchawi ni kitu kimoja, kumwogopa mama yako ni kingine. Nikapiga magoti palepale, nikamwambia, "Shikamoo, mama. Karibu. Neema haendi popote, na wewe huendi popote. Umetoka mbali, kaa unywe maji. Ukitaka kunikana, nikane ukiwa umekaa." Sikuwahi kumwambia mama yangu neno la namna hiyo. Miguu ilikuwa imemchoka, akaketi kwenye kigoda kule pembeni kabisa, ametupa mgongo.

Nikarudi jikoni. Nilikoroga mboga na kuomba, nikaomba na kukoroga, mboga ile hata sikumbuki ilikuwa mboga gani. Kisha nikasikia sauti ya mama, kavu.

"Joakina. Ulimtuma?"

"Sikumtuma, Filo."

"Apa."

"Niape nini? Mimi ambaye hata mbwa wangu nikimtuma hanisikii, nimtume mamba?"

Mama hakucheka. Nilitoka nikasimama mlangoni. Alikuwa amegeuka sasa, anamtazama dada yake, na uso wake, ndugu zangu, sitausahau. Alisema polepole, kama mtu anayetoa mwiba wa siku nyingi:

"Kama hukumtuma wewe mamba, basi ni mimi niliyemtuma Alberto."

Hapo ndipo nilipomwelewa mama yangu. Miaka yote hiyo haikuwa chuki tu. Alihitaji mtu wa kubeba mzigo ule, kwa sababu yeye mwenyewe ungemvunja mgongo. Alikuwa mama aliyemwambia mtoto wake nenda kachote maji, na mtoto asirudi.

Mama Mkubwa alimlaza Neema pembeni, akatambaa kwenye mkeka, mikono mbele anapapasa, mpaka akaifikia miguu ya mdogo wake. Akaishika. "Filo, ulimtuma maji. Hukumtuma kufa. Mama yetu alitutuma palepale kila siku, mimi na wewe. Kila mama anatuma mtoto maji. Na mimi lile neno langu nimelilia mpaka macho yameharibika. Nisamehe kwa lile neno. Mamba simjui, lakini neno ni langu."

Mama aliteremka kwenye kigoda. Sijui nani alimshika nani. Walilia kilio ambacho walipaswa kulia pamoja siku ile mtoni, walimlia Alberto kwa Kimakonde, kwa nyimbo za msiba ambazo mimi sikuzijua. Neema akaamka akalia na yeye bila kujua analilia nini. Baba Neema aliporudi na bajaji yake akatukuta hivyo, akavua kofia, akakaa chini. Nikamwambia, "Hakuna aliyekufa. Ni Bwana amepita."

Kesho yake tulikwenda hospitali wote. Muuguzi alipoondoa bandeji, Mama Mkubwa akapepesapepesa, jicho likatoa machozi, akatazama. Mtu wa kwanza aliyekuwa mbele yake ni mama yangu, ameinama hivi. Akamtazama, akamtazama.

"Filo," akasema, "umezeeka!"

"Kwani ulitaka nikusubiri?" mama akajibu. Wakaanza kucheka kwa sauti ambayo nadhani ndiyo watu wa zamani walikuwa wakiisikia bondeni, mpaka muuguzi akatuomba tutoke nje, kuna wagonjwa.

Ndugu zangu, sitawadanganya kwamba yote yamenyooka. Wapo ndugu wa ukoo wasiokula nyumbani kwangu mpaka leo. Neema tulimpeleka kwa daktari, akatueleza degedege lile ni la homa ikipanda ghafla; siku hizi mwili ukichemka tu tunakimbia hospitali, na tunaomba tukiwa njiani. Hofu nayo kuna siku inakuja kubisha. Naisikia. Ila haina tena kitanda nyumbani kwangu. Namshukuru Mungu. Namshukuru Bi Zuhura, ambaye hayupo hapa kwa kuwa yeye ni Mwislamu, lakini alitunza kito chetu wakati sisi tumekitupa. Namshukuru mume wangu, na ninyi mlioniombea bila kujua naumwa nini.

Na wewe uliyekaa hapo, unayemkwepa mtu wa damu yako, usisubiri mpaka ujisikie jasiri. Mimi sikuwa jasiri hata dakika moja. Mwambie Bwana ukweli ulivyo, kwamba unaogopa, kisha mpakulie chakula mtu huyo. Bwana atashughulika na yaliyobaki. Huenda mwenzio naye yuko upande wa pili wa sahani, anakuogopa wewe.

Sasa naomba niwaonyeshe. Wametoka Nanyamba jana, siku hizi wanaishi pamoja na wanagombania kisamvu kitiwe karanga au nazi. Wapo pale nyuma, benchi la mwisho. Mama, Mama Mkubwa, hebu simameni watu wawaone. Njooni mbele. Mama, mshike mkono Mama Mkubwa asije akajikwaa kwenye ngazi.

Ah! Nimesahau, anaona. Basi mshike hivyohivyo.

Mpigieni Yesu makofi!